Dzombo na Nguzo za Msufi

Ukitaka kumtambua Dzombo wa Bongwe katikati ya watu, usihangaike na uso wake. Tazama bega lake la kulia. Kila shati alilo nalo, liwe la kazi au la Idi, lina doa la udongo mwekundu begani, na sabuni zote za Ukunda zimelishindwa. Dzombo ni mchimba mashimo ya nguzo za ua, na kwake yeye shimo halijawa shimo mpaka alale kifudifudi, atie mkono wote ndani, bega likae mdomoni mwa shimo na vidole viguse chini. Likipungua hapo, husema kuwa hapo kuku wamepekua tu.

Vifaa vyake ni vichache. Upo mtaimbo aliorithi kwa mjomba wake, ndugu wa mama, ambao upande mmoja ni bapa wa kuvunjia mawe ya matumbawe na upande wa pili ni butu wa kushindilia udongo nguzo ikishasimama. Lipo jembe la kufungulia juu, ambalo halipi heshima yoyote. Na lipo kopo la maziwa ya unga, alilolibana mdomo upande mmoja ili lichote vizuri udongo uliolegezwa na mtaimbo. Mtaimbo hupiga, kopo huchota, mkono hupima. Amefanya hivyo tangu ujana wake, kwenye mashamba ya Bongwe, kwenye viwanja vya Diani ambako ukipiga kidogo tu unakutana na jiwe, hata kwenye ofisi moja ya serikali kule Matuga ambako, kwa maelezo yake, ua ni wake na ofisi imejengwa baadaye ili ua usikae bure.

Na ana neno lake moja. "Mimi siitwi mara ya pili." Maana yake ni kwamba ua alioujenga Dzombo haulali, haupindi, haumlazimishi mwenyewe kumpigia simu fundi arudi. Amelisema neno hilo kwenye vibanda vya chai mpaka watu hulimalizia wao kabla hajalifikisha nusu. Kwenye karamu za Bongwe, mpishi akitangaza wali u tayari na Dzombo akawa wa kwanza kunawa, utasikia vijana wakisema kweli mzee huyu haitwi mara ya pili. Yeye hucheka nao. Hujui kama amefahamu kuwa anachekwa.

Mke wake alifariki zamani, na binti yao wa pekee ameolewa Msambweni. Tangu hapo Dzombo anajipikia, na ugali wake ungefaa kushindilia nguzo. Watu walimwambia aoe. Alisema atatazama, kama mtu anayeambiwa abadilishe paa ambalo bado halivuji. Basi paa hilo lilianza kuvuja ghafla mwaka jana, kule Gazi.

Aliitwa Gazi na Haji, fundi wa mashine za boti, mtu mpole na mswalihina ambaye akiisikiliza mashine ikinguruma anakwambia ni kipi kibovu ndani. Haji ana dada yake mjane, Mwanatumu, anayekaa kiwanja cha pili kutoka kwake. Bi Mwanatumu hupika mahamri na mbaazi asubuhi, na nyuma ya nyumba ana muhogo na mchicha. Mbuzi wa majirani waliufanya mchicha ule wao. Haji akasema liwe liwalo, dada azungushiwe ua wa nguzo na seng'enge. Akanunua nguzo za mvinje, akamtafuta Dzombo kwa sifa zake.

Siku ya kwanza, Dzombo alikuwa amelala chini, shavu mchangani, mkono umezama wote, aliposikia sauti ya mwanamke juu yake.

"Fundi, shikamoo. Mbona umelala? Umeanguka?"

"Marahaba. Sijaanguka, mama. Napima."

"Unapima nini huko?"

"Napima shimo."

"Alaa! Nami nilidhani umedondosha senti," alisema Mwanatumu, akacheka.

Kutoka pale alipokuwa, Dzombo aliona miguu miwili iliyopakwa hina na pindo la leso, basi. Uso hakuuona mpaka alipouchomoa mkono na kuketi. Lakini kwa wakati huo mambo yalikuwa yamekwisha haribika, kwa sababu kile kicheko alikuwa amekipenda kabla hajajua ni cha nani. Mtu mzima, ana wajukuu, alikaa pale na udongo shavuni akihisi moyo unamwenda mbio kama aliyekimbizwa na mbwa.

Sasa ungetarajia kwamba mtu anayeweza kuzungumza habari za shimo moja kuanzia adhuhuri mpaka alasiri angepata neno la kumwambia mwanamke. Hakupata. Mwanatumu alipomletea chai na mahamri, Dzombo alimweleza tofauti ya udongo wa Gazi na udongo wa Bongwe. Alipomletea maji, alimweleza kwa nini nguzo huchomwa kidogo mguuni ili mchwa asiipende. Mwanatumu alisikiliza yote, akauliza maswali, akacheka pale pasipochekesha. Dzombo alirudi Bongwe kwa baiskeli jioni akijitukana njia nzima.

Tena lilikuwako tatizo la adabu. Mjane wa watu hasemeshwi mambo hayo uani kwake na fundi aliyeshika kopo. Unamtuma mshenga kwa wakubwa wake. Mkubwa wake Mwanatumu ni Haji. Na mtu pekee ambaye Dzombo alimfahamu Gazi nzima, mwenye heshima ya kutumwa kwa Haji, alikuwa ni Haji. Alilizungusha jambo hilo kichwani kila upande, akalikuta halina mlango.

Akaanza basi kufanya alichoweza, nacho ni kuchelewa. Mashimo yaliyozoea kufika begani yakawa yanafika begani na kupita, jambo ambalo huwezi kulifanya bila kujibana shingo. Nguzo moja aliishindilia tangu chai ya saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Akawa haondoki na vifaa vyake jioni. Mtaimbo anauegemeza ukutani kwa Mwanatumu, karibu na jiko, ili ulale pale kwa niaba yake.

Haji aliona kazi haiendi. Kwa kuwa ni mtu wa mashine, alikwenda Ukunda kwenye duka la vifaa la Japheth akarudi na kitu kipya: mipini miwili mirefu, na chini yake vyombo viwili vya chuma vinavyoumana. Unakitumbukiza ardhini, unatanua mipini, vile vyombo vinauma udongo, unainua, unamwaga kando. Hakuna kulala chini.

"Jaribu hiki, fundi," Haji alisema kwa furaha. "Japheth amesema kwenye mchanga hakuna mfano wake."

Dzombo alijaribu. Mchanga wa Gazi ni laini, na kile kitu kiliula kama wali. Kabla chai haijachemka alikuwa amechimba mashimo ya siku nzima, na kila moja alipotia mkono, vidole viligusa chini palepale alipopapenda. Aliketi juu ya rundo la nguzo akakitazama kile chuma kwa hofu ya kweli. Kwa mwendo ule angemaliza kabla ya Ijumaa.

"Hakifai," alimwambia Haji aliporudi.

"Hakifai vipi? Naona mashimo yote yale!"

"Mashimo ni mashimo. Lakini kinaulegeza udongo wa pembeni. Nguzo itacheza. Wewe unataka nguzo icheze?"

Haji hakutaka nguzo icheze. Akakichukua kifaa cha watu akakirudisha Ukunda, na Japheth anashangaa mpaka leo. Ule ulikuwa uongo wa kwanza Dzombo kuusema katika kazi yake, na ulimtoka mwororo kuliko alivyotazamia.

Lakini hata ukichelewa, ua una mwisho. Ukazunguka upande wa njia, ukazunguka upande wa Haji. Dzombo alianza kuona jambo ambalo fundi mwingine angeliona mapema: kila nguzo aliyoisimamisha ilimtoa yeye nje zaidi. Ua wake ulikuwa mzuri. Haungelala, haungepinda, wala hakuna ambaye angempigia simu arudi. Atafunga seng'enge ya mwisho, aambiwe Mungu akubariki, na neno lake alilojivunia maisha yake yote litamfungia nje ya nyumba ya Mwanatumu. Aliumia. Siku hiyo hakumaliza hata mahamri.

Ikabaki upande wa nyuma, unaotazama mikokoni, na nguzo za mvinje zikaisha. Nyingine zingechelewa kufika. Kwa Haji palikuwa na msufi mkubwa uliopunguzwa matawi kwa sababu yalikuwa yanagonga bati upepo ukivuma, na matawi yalikuwa bado yamelala pale, mabichi, manene, yamenyooka. Dzombo aliyatazama kwa muda mrefu. Msufi kwa nguzo ni upuuzi, hata mtoto anajua. Ni laini. Mchwa akiupata haulizi. Ukisimamisha nguzo za msufi upande mmoja, mwaka hauishi ua umelala, na ua ukilala mwenyewe humpigia fundi simu.

Akayakata kwa kipimo.

"Msufi, fundi?" Haji aliuliza alipoyaona yamekwisha simama. "Huu si unachipua? Si kwetu watu huchomeka tawi likawa mti?"

"Wakati wa mvua," Dzombo alijibu kwa sauti nzito ya ufundi. "Kiangazi hiki haushiki. Utakauka uwe gogo." Hapo alisema kweli tupu, lakini kweli ya kufichia nia, ndiyo maana ilimuuma zaidi kuliko ule uongo.

Siku ya kuondoka, aliufunga mtaimbo kwenye baiskeli, akafunga na jembe, akaaga. Kopo akalisahau. Nasema akalisahau kwa kumstahi. Ukweli ni kwamba aliliweka mwenyewe chini ya kijiti cha mchongoma karibu na bomba, akalitazama, akalisogeza kidogo lionekane, kisha akalisahau. Mtu kitu cha mwenzake kikisahauliwa kwake, hutuma salamu njoo uchukue.

Salamu hazikuja. Kiangazi kikakaza. Dzombo akawa mtu wa kusikiliza simu yake. Ikilia anaruka, kumbe ni binti yake anauliza kama amekula. Akaanza kwenda Gazi kununua samaki, akiwapita wauza samaki wote wa Ukunda, na majirani wa Bongwe wakamuuliza kama samaki wa Gazi wamesoma. Huko Gazi alimsalimia Haji barazani, akauliza habari za mashine, habari za watoto, habari za ua. Haji alisema ua hauna neno, alhamdulillahi. Dzombo alisema alhamdulillahi pia, kwa huzuni. Upande wa nyuma hauonekani kutoka njiani, na yeye aliona haya kuzunguka. Kuhusu kopo, aliamini kwamba limetupwa. Usiku mmoja alijiambia kwamba mwanamke aliyetupa kopo la mtu ameshasema kila kitu, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Kisha asubuhi moja, mvua za masika zikiwa bado zinangojewa, Haji akapiga simu.

"Fundi, hebu njoo leo. Ule ua umekuwa na jambo. Upande wa nyuma."

"Upande wa nyuma!" alisema Dzombo.

"Ndiyo. Njoo baada ya alasiri. Na mzee wa kijiji atakuwepo."

Fundi mwingine angetishika kusikia mzee wa kijiji. Dzombo hata hakulisikia. Alikuwa ameitwa mara ya pili! Kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote, ua wake ulikuwa umeharibika, na hapakuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye kuanzia Bongwe mpaka mpakani. Alinyoa, akavaa shati la Idi lenye doa, akaufunga mtaimbo kwenye baiskeli, akapiga pedali akijiimbia.

Alifikia nyuma ya nyumba ya Mwanatumu kwanza, kukagua uharibifu. Akasimama pale baiskeli mkononi. Nguzo zake zilikuwa zimeota. Majani mabichi yalikuwa yamejitandaza juu ya kila moja, mengine yanaipita seng'enge, na ardhi yote ya Gazi ikiwa imekauka kama kigae. Alishika nguzo akaitikisa. Haikutikisika. Ilikuwa na mizizi.

Barazani kwa Haji walikuwa wamekwisha kaa. Mzee wa kijiji alikuwa Bi Bushra, mwanamke wa umri wa binti yake Dzombo, aliyechaguliwa kwa sababu anasikiliza mpaka mwisho. Na watu wazima wa Gazi humwita mzee kwa ukamilifu kabisa, kisha humuuliza ameshakula. Haji alikuwa ameketi wima. Mwanatumu hakuwepo, lakini pazia la mlango lilikuwa na miguu miwili yenye hina chini yake, na Dzombo aliitambua.

"Fundi, karibu," alisema Bushra. "Haji ana malalamiko. Haji, sema."

"Nilimuuliza kwa mdomo wangu," Haji alisema, na sauti yake ilitetemeka, maana hakuzoea kugombana. "Nikamwambia, fundi, huu si unachipua? Akaniambia hautashika. Yeye ndiye fundi. Sasa tazama. Kuna miti ya mtu ndani ya kiwanja cha dada yangu."

"Miti ya nani?" aliuliza Bushra, ingawa alijua.

"Ya nani tena? Kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Minazi ya babu yako, mzee, iko shambani kwa watu mpaka leo na mnaingia kuangua. Nani amepanda misufi ile? Nani aliyeingiza mkono mpaka bega? Tumeona wageni hapa. Anakuja mtu anaomba kupanda mikorosho miwili mitatu, unamwonea huruma, kesho ana lango la chuma na wewe unapita nje. Mimi namheshimu fundi. Lakini huyu ni dada yangu, hana mume wa kumsemea. Nataka nijue, alikuwa na nia gani?"

Bi Bushra alimgeukia Dzombo. "Fundi, umesikia. Ulijua kama zitaota?"

Hapo ndipo Dzombo alipofahamu amekaa wapi. Akisema hakujua msufi huota, basi ni fundi asiyejua mti, na habari hiyo itafika Bongwe kabla yake. Akinyamaza, ni mwizi wa ardhi, na kwa mwizi wa ardhi mlango wa nyumba ile hautafunguliwa tena. Ilibaki njia moja tu, nayo ilipita juu ya neno lake la maisha yote. Aliitazama ile miguu chini ya pazia. Haikusogea.

"Nilijua msufi huota," alisema. "Nilijua pia kiangazi hauoti. Nilitaka zioze."

"Ulitaka nini?" Haji aliuliza.

"Zioze. Ziliwe na mchwa. Upande ule ulale chini."

"Astaghfirullah! Mtu mzima! Kwa nini?"

"Ili mniite tena."

"Tukuite tena ili tukulipe tena?"

"La wallahi. Ningezing'oa na kusimamisha nyingine bure. Ningezing'oa polepole."

Haji alimwangalia kama anavyoiangalia mashine inayonguruma vizuri lakini boti haiendi. "Polepole ili iwe nini? Na mimi nimekuletea kifaa kizima kutoka Ukunda ukanambia nguzo zitacheza! Hiyo nayo?"

"Hazingecheza," alisema Dzombo. "Kile kifaa ni kizuri sana. Kilikuwa kinaniharakisha."

Bi Bushra ndiye aliyefahamu kwanza. Alijifunika mdomo kwa upindo wa buibui, na mabega yakaanza kumtikisika. Mzee wa kijiji hatakiwi kucheka kwenye shauri, kwa hiyo akakohoa, akakohoa tena, mwisho akaomba maji. Haji alikuwa bado anangoja jibu. Mtu anayesikia ubovu wa mashine kutoka ufukweni alikuwa wa mwisho kusikia ubovu wa mtu aliyekaa mbele yake.

Pazia likafunguka. Mwanatumu alitoka, akapiga magoti kumwamkia kaka yake kwa adabu zote, kisha akaweka kitu juu ya mkeka katikati yao. Lilikuwa kopo, mdomo umebanwa upande mmoja. Dzombo hakulitambua mara moja kwa jinsi lilivyokuwa linang'aa.

"Mzee," alimwambia Bushra, "fundi amesema kweli. Kiangazi msufi hauoti bila maji. Mimi ndiye niliyekuwa nikizimwagilia. Kila jioni nikimaliza vyombo, nguzo moja kopo moja, mpaka zimekwisha."

"Wewe?" alisema Haji.

"Mimi."

"Ndiyo maana pipa la maji..."

"Ndiyo, kaka."

"Mwanatumu! Nimelifungua lile pipa! Nimetoa bomba, nimetoa mpira, nimeingiza kichwa ndani natafuta linapovuja, na wewe umesimama unanishikia tochi!"

"Ulisema mwenyewe nikushikie," alisema Mwanatumu.

Bi Bushra aliacha kukohoa akacheka waziwazi. Mwanatumu alingoja acheke amalize, kisha akasema tena, na safari hii hakumtazama mtu.

"Niliujua ule msufi tangu siku aliyousimamisha. Nani asiyeujua msufi? Nikasema, fundi mzima hawezi kukosea hivi, labda anataka awe na miti hapa. Mtu akiwa na miti mahali, si huja kuitazama? Nikasema basi isife. Nikamwagilia. Miti imeota, mwenyewe haji. Anakuja Gazi kununua samaki, naambiwa, anauliza habari za ua kwa Haji, anarudi. Mimi niliambiwa ua huu ni wa kuzuia mbuzi. Sikuambiwa utazuia na fundi."

Machozi yalimlenga Dzombo, akainama kulishika lile kopo ili apate pa kutazama. Yeye alikuwa ameziombea nguzo zile kifo kiangazi kizima, na huyu mwanamke alikuwa anazinywesha moja baada ya moja kwa kopo lake mwenyewe.

"Mngeniambia tu," alisema Haji taratibu. Hasira zilikuwa zimemtoka, akabaki na uso wa mtu aliyefungua pipa bure.

"Nani angekwambia?" Bushra alimuuliza. "Dada yako akwambie mwenyewe? Au yeye? Gazi yote hana mtu wa kumtuma kwako ila wewe." Kisha akajiweka sawa, akarudi kuwa mzee wa kijiji. "Shauri langu ni hili. Ardhi ni ya Mwanatumu. Miti ni ya fundi, ameipanda mbele ya watu. Na mwenye miti lazima apate njia ya kuifikia, ndivyo tunavyokaa hapa. Upande ule hauna lango. Basi fundi atachimba mashimo mawili ya lango. Lakini kabla ya kuchimba atatuma watu wazima kutoka Bongwe waje kwa Haji, kwa heshima, kama watu wanavyofanya. Haji, una neno?"

Haji alifikiri. "Waje," alisema mwishowe. "Ila wasije na samaki. Samaki tunao."

Walikuja, wana wa mjomba wake Dzombo, wakiwa na makanzu yaliyopigwa pasi na nyuso za watu waliokatazwa kucheka. Kikao hakikuwa kirefu. Mwanatumu aliulizwa, akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Ikapangwa nikaha iwe Ijumaa.

Siku iliyotangulia Ijumaa hiyo, Dzombo alifika kuchimba mashimo ya lango. Haji alikuwa anamngojea na kile kifaa cha mipini miwili; alikuwa amekifuata tena Ukunda. "Leo utakitumia," alisema, "maana leo huna sababu ya kuchelewa." Dzombo hakubisha. Alitanua mipini, akauma mchanga, akamwaga kando, na lazima nikiri kwamba alionekana kufurahia. Lakini mashimo yalipokaribia kukamilika alikiweka kando, akalala kifudifudi kati ya misufi yake miwili, akatia mkono.

Uani palikuwa na masufuria, moshi, na wanawake wanaochambua mchele. Mwanatumu alitokeza nyuma ya nyumba, akamkuta amelala palepale, shavu mchangani, kama siku ya kwanza.

"Fundi," alisema, "lifike kiwikoni tu, yatosha. Watu wanataka kupitisha sufuria."

"Haliwezi kufika kiwikoni. Hii ni nguzo ya lango." Sauti ilitoka chini chini. "Mpaka begani. Mimi siitwi mara ya pili."

"Na nani atakuita," Mwanatumu alimuuliza, "nawe utakuwa umo humu ndani?"

Dzombo alibaki palepale, bega mdomoni mwa shimo, akiitazama ile miguu miwili na pindo la leso. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto nyuma, bila kuinua kichwa, akaomba kopo. Mwanatumu akaenda kulichukua jikoni, akampa mkononi.